Bembea Nyekundu ya Mama Mdogo Casilda

Jumatatu, 8 Septemba

Nectario ameota tena.

Ameota! Kana kwamba ile ya wiki iliyopita haikutosha. Asubuhi nimefika bandani kunywa kahawa, nakuta wamemzunguka wote, midomo wazi, hata mbwa. Hapa kwetu mtu hakuulizi umeamkaje. Anakuuliza umeota nini. Na Nectario hakosi jibu.

Leo ameota mbwa mweusi asiye na meno, amelala ndani ya maji. Bibi Tomasa, ambaye ndiye mfasiri wetu wa ndoto, akatafuna tumbaku yake, akafumba jicho moja, akasema kuna mnyama wetu amekwama lamboni. Watu mbio. Kweli bwana! Wamemkuta mbuzi wa Mama Mdogo Casilda kazama kwenye tope mpaka shingoni, anakoroma. Wamemvuta katoka. Mama Mdogo akamkumbatia Nectario utadhani yeye ndiye mbuzi.

Kisha Bibi akanigeukia. Na wewe Eudoro, umeota nini? Nikasema nimeota nakula friche ya mbuzi, sahani pomoni, maini, utumbo, kila kitu. Akasema hiyo si ndoto, mjukuu wangu, hiyo ni njaa. Wakaangua kicheko. Nectario alicheka kidogo tu, kwa upole, na hicho kicheko chake ndicho kimenikera kuliko vyote.

Nectario ni ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumekua chini ya paa moja. Mbuzi wake hawapotei. Paa lake halivuji. Akipiga mluzi hata punda wa jirani wanageuka. Na sasa ndoto! Wivu sina. Nauliza tu kwa nini mtu mmoja apewe vyote.

Jioni mambo yakazidi. Mama Mdogo Casilda ametangaza kuwa bembea yake ya kulalia imekwisha. Ile nyekundu aliyoanza kuifuma tangu upepo wa mwanzo wa mwaka, pana, watu wawili wanalala na mtoto katikati, nakshi zake za pembeni zinakaribia kufagia chini. Binti wa kumrithisha hana. Kwa hiyo amesema atampa yule atakayetajwa na ndoto.

Ndoto! Na muotaji wa hapa ni nani? Nyamaza, kalamu yangu, tusitaje jina.

Mwenye shida na bembea ni mimi. Mke wangu Nuris yuko kwa mama yake, ng'ambo ya lambo, tangu usiku ule kamba ya bembea yetu ilipokatika akatua sakafuni kwa kiuno. Alikuwa ameniambia kuhusu ile kamba. Nilikuwa nimeshaipiga fundo. Fundo zuri tu. Asubuhi akabeba mfuko wake na kuku wake, akasema siku nikipata mahali pa kulala binadamu, nimtumie salamu. Nikipata bembea ile nyekundu, nimempata mke wangu. Nectario hana mke, na bembea anayo, ya buluu, nzima kabisa. Nyingine ya nini? Ya kulaza ndoto zake?

Leo lazima niote.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu kwa haki. Nimelala chali, nimelala kifudifudi, nimelala kichwa upande wa miguu. Nimeota nakula tena. Safari hii samaki.

Basi nikatunga. Kosa liko wapi? Nectario analetewa ndoto amelala, mimi yangu nimeifanyia kazi nikiwa macho. Nani ametoka jasho?

Nikawahi bandani. Nikaketi mbele ya Bibi Tomasa, nikashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetoka mbali. Nikamwambia nimeona bembea nyekundu ikitoka kwa Mama Mdogo, ikaruka juu ya lambo, ikaja kujifunga yenyewe kwenye nguzo za nyumba yangu. Nilisema vizuri sana. Mama Mdogo Casilda aliacha kukoroga kahawa. Nectario ndiyo kwanza anafika, akasimama palepale na ndoo mkononi. Nikamtupia jicho. Raha niliyoiona hapo, acha tu.

Bibi akauliza kama bembea ilikuwa na mtu ndani au tupu.

Hapo ndipo nilipoula wa chuya. Nikaona nitie chumvi kidogo. Nikasema tupu, Bibi, tupu kabisa, inamngoja mwenyewe!

Mama Mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi akatema tumbaku, akanishika mkono, akasema maskini mjukuu wangu. Nyekundu ni damu. Na kitanda kitupu kinachokuja chenyewe ni ugonjwa, unatafuta wa kumlaza.

Nikasema labda sikuona sawasawa. Labda alikuwemo mtu. Labda mtu mwenyewe nilikuwa mimi! Bibi akasema ndoto ikishatoka mdomoni haigeuzwi. Masharti yakashuka hapohapo. Kesho alfajiri nikogeshwe maji baridi. Kisha nifungiwe ndani mpaka Ijumaa. Mke hasa asikanyage mlangoni, hatari isije ikamrukia. Nikasema kuhusu mke msiwe na wasiwasi. Na achinjwe mbuzi wangu, aliwe na watu wote, isipokuwa mimi.

Mbuzi wangu! Yule wa kahawia mwenye sikio jeupe, niliyekuwa namnenepesha nimpelekee mama mkwe, aseme neno jema kwa binti yake.

Nikauliza nani atanikogesha. Nectario akasema, kaka, usijali, nitaamka mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Ameamka. Huyo huamka tu.

Maji ya lambo kabla ya jua kutoka, na upepo huu! Nectario alinimwagia kibuyu baada ya kibuyu, na kwa kila kibuyu akanipa pole. Pole, kaka. Pole, kaka. Nilitamani anizamishe yaishe. Meno yaligongana mpaka nikauma ulimi. Bibi aliyekuwa ameketi pembeni akasema tazameni anavyotetemeka, ugonjwa unamtoka.

Sasa nimefungiwa. Nasikia wanamla mbuzi wangu. Najua harufu ya kila kipande. Mama Mdogo Casilda amesema hajawahi kuonja nyama laini namna hiyo, inaonekana mbuzi alitunzwa kwa mapenzi. Nilimtunza kwa mapenzi, ndiyo! Mapenzi ya mke wangu!

Mara akabisha mtu. Nectario. Amepitisha bakuli la uji wa mahindi chini ya mlango. Uji wenyewe mtupu, kama masharti yanavyotaka, lakini ameukoroga hauna hata donge moja. Hata uji unamtii.

Nimeunywa wote. Kwa hasira.

Alhamisi, 11 Septemba

Ndani bado. Ukuta wetu ni wa mbao za dungusi, una nyufa, nasikia yote. Wanawake wamekaa wanafuma na kuhukumu. Wamekubaliana kwamba bembea nyekundu itamwangukia Nectario, na kwamba kijana kama yule kukosa mke ni ajabu. Mmoja akasema hatakosa kwa muda mrefu. Wakacheka, hehehe hihihi.

Hatakosa kwa muda mrefu? Ana maana gani huyo? Nani aliye huru siku hizi, mwenye hasira na mumewe, ng'ambo ya lambo?

Uji umefika. Nimerudisha bakuli bila kushukuru. Akashukuru yeye.

Kufungiwa kuna faida yake, akili inafanya kazi. Nimegundua kosa langu. Niliota kitu. Ningeota mtu! Nuris akitajwa kwenye ndoto, lazima aitwe. Na njia nzuri ya kumwita ni ngoma. Ndoto ikidai ngoma ya yonna, ngoma hupigwa, hata kama watu wana kazi zao. Mwanamume anakimbia kinyumenyume kwenye duara, mikono wazi, mwanamke anamfukuza akimkanyagakanyaga miguu mpaka amwangushe. Nuris hana mpinzani. Siku tulipojuana aliniangusha mara tatu. Mara ya tatu nilijiangusha mwenyewe ili nimwone akicheka tena.

Namjua yule mwanamke. Akinifukuza kidogo tu, hasira itakwisha, na Mama Mdogo akitazama machozi yatamtoka, na bembea itakuwa yangu.

Nimeipanga ndoto mwanzo mpaka mwisho. Safari hii hakuna kitu kitupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetoka ndani, nimekwenda moja kwa moja kwa Bibi. Mbele ya wote nikatangaza. Nimeona ngoma. Nimeona Nuris amevaa gauni lake pana jekundu, amepaka rangi usoni. Na mbele yake mwanamume anarudi kinyumenyume.

Bibi akafurahi. Akasema hii ni ndoto ya mtu aliyepona. Ngoma ipigwe kesho, Nuris aitwe leo. Moyo wangu ukapiga yonna peke yake.

Kisha akauliza huyo mwanamume alikuwaje.

Ningesema ni mimi, basi! Neno moja! Lakini nikaona kujitaja mwenyewe ni kujisifu, watashtuka. Nikasema uso sikuuona vizuri, Bibi, ila alikuwa na mabega mapana, kifua mbele, miguu myepesi, kila mtu anamtazama yeye, na hakuanguka hata mara moja.

Bibi akanitazama kwa huruma kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. Akasema huyo si wewe, mjukuu wangu. Huyo ni Nectario.

Wakaitikia wote. Ndiye! Ndiye huyo! Mama Mdogo Casilda akasema kwa maelezo hayo hata kipofu angemtambua. Nikasema mabega yanaweza kuwa ya mtu yeyote. Nikayanyoosha yangu wayaone. Hakuna aliyeyatazama.

Nectario alikataa, siwezi kumsingizia. Alisema Nuris ni mke wa kaka, acheze kaka. Bibi akasema ndoto haijadiliwi. Mimi nitapiga ngoma.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepiga ngoma.

Nuris amekuja. Amependeza mno. Alinisalimu kwa kichwa, akauliza kamba inaendeleaje. Watu wakacheka. Nikasema nzima. Akasema lo, basi imepona kabla ya kiuno changu.

Nectario alivaa kilemba chenye manyoya. Kwa nini kila kitu kinamkaa? Mimi nikivaa kile naonekana nimetoka kuiba kuku. Akaanza kurudi nyuma, mikono wazi, Nuris nyuma yake, gauni limejaa upepo, vumbi linafuka. Nilipiga ngoma haraka ajikwae. Akaongeza mwendo. Nikapiga polepole ajichanganye. Akapendeza zaidi. Bibi akapiga kelele kwamba leo Eudoro anapiga ngoma kama baba zake, mpeni pombe ya chirrinchi! Mara ya kwanza kusifiwa katika maisha yangu, na nasifiwa kwa kumchezesha mke wangu na mtu mwingine.

Hakuanguka. Kama ndoto ilivyosema. Ndoto yangu!

Na Nuris akacheka. Sijasikia kicheko kile tangu kamba ikatike. Nilidhani amekiacha kwa mama yake. Kumbe alikuwa nacho, hakuwa na wa kumpa.

Lakini subiri. Ngoma ilipokwisha niliwaona. Wamesimama kando ya ua, wawili tu, wananong'ona. Nectario anauliza, Nuris anajibu. Kisha Nuris akageuza shingo akaitazama bembea nyekundu inavyoning'inia kwa Mama Mdogo. Akaitazama sana. Akatabasamu. Nectario naye akatikisa kichwa kukubali.

Nani anahitaji kufasiriwa hilo? Hata mimi nimefasiri. Atapewa bembea na atapewa wa kulala naye, na mimi nitaitwa niwapigie ngoma.

Roho inaniuma mpaka kwenye meno. Nuris ameondoka bila kuniaga. Yaani ameniaga, lakini kwa namna ya kuniaga na wengine.

Jumapili, 14 Septemba

Kama si yangu, basi isiwe ya mtu. Nimelifikiria mpaka kumekucha na sijaona kasoro.

Nimeingia bandani wa kwanza kabisa. Nectario alikuwa anakuja mbio, uso unang'aa, ana neno mdomoni, huyo alikuwa ameota, nakuambia! Nikamwahi. Nikasema kwa sauti, Bibi, nimemuona marehemu mjomba.

Hapa kwetu jina la marehemu halitajwi mbele ya ndugu zake, na sikulitaja, mimi si mwendawazimu. Lakini kila mtu alijua. Kitinda mimba wa Bibi Tomasa, mdogo wake Mama Mdogo Casilda, tuliyemzika mwaka juzi. Nikasema nimemuona njiani kuelekea Jepira waliko wafu wetu, amejikunyata, anatetemeka. Ameniambia anasikia baridi. Ameomba bembea nyekundu.

Bibi hakutafuna tumbaku. Aliweka mikono juu ya magoti. Akasema ajabu, mwanangu yule hakuwa mtu wa baridi, tangu mtoto alikuwa anatupa shuka kwa mguu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya gauni. Akasema labda huko wanakopita kuna upepo. Akaniuliza, sauti ndogo, kama alikuwa amekonda.

Nikasema hapana, Bibi. Amenenepa kidogo.

Akashukuru. Nilijisikia vibaya. Vibaya kweli, mpaka nikatazama chini. Kisha nikainua macho nikamwona Nectario amefunga mdomo wake na ile habari yake ndani, na ubaya ukapungua.

Mfu akiomba, wazima hukaa pembeni. Mama Mdogo Casilda ameifungua bembea kwa mikono yake, fundo moja moja. Alipitisha kidole kwenye nakshi zote za pembeni, upande hadi upande. Imekunjwa, imewekwa kwenye sanduku la Bibi, hadi siku tutakapoifukua mifupa ya marehemu kuizika mara ya pili, kama ilivyo desturi yetu, izikwe nayo. Hakuna atakayeilalia.

Nimeshinda! Sina bembea, sina mke, sina mbuzi wa kumpa mama mkwe. Lakini Nectario naye hana.

Jumatatu, 15 Septemba

Ala! Ala! Ala!

Asubuhi Bibi alimuuliza Nectario umeota nini. Akasema hakuna, Bibi. Nectario kukosa ndoto! Nikachukua kipande kikubwa cha mkate. Bibi akambana, akasema jana ulikuja hapa na neno, nilikuona. Akasema limeshapita, halina maana tena. Bibi akasema toa.

Akatoa. Usiku wa ngoma aliota bembea nyekundu imefungwa nyumbani kwangu. Kwangu! Nuris amelala ndani yake, na katikati mtoto mchanga, na mimi nimeketi mlangoni nazuia kuku wasipige kelele.

Mkate ukanikwama. Ilibidi Mama Mdogo anipige mgongoni.

Na hakuishia hapo. Akasema siku ile kando ya ua alikuwa anamuuliza Nuris nini kitamrudisha. Nuris akajibu Eudoro akipata bembea ile, narudi siku hiyohiyo, hata asiponiita. Ndiyo maana aliitazama. Ndiyo maana akatabasamu. Jana Nectario alikuja mbio kuisema ndoto yake, akakuta nimeshasimama na ya marehemu, akaona haifai kushindana na mfu.

Nikafungua mdomo niseme. Nikamtazama Bibi. Tangu jana amekuwa anasimulia kila anayepita kwamba mwanawe amenenepa. Nikaufunga.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Wakanisifu! Wote! Mama Mdogo Casilda alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akasema huyu ndiye mwenye kuitaka bembea kuliko sote, na ametoa ujumbe uliomnyang'anya. Angeweza kunyamaza, hakunyamaza. Bibi akasema nina moyo wa wazee wa zamani. Nimepewa kahawa ya pili. Watu walinisogezea kigoda. Mtu akamwambia Nectario ajifunze kwangu, na Nectario akasema kweli.

Siku nzuri, ukiitazama kwa upande huo. Nimetembea kitongoji chote polepole ili wanione.

Jumanne, 16 Septemba

Imedumu nusu siku ile sifa. Nusu siku tu!

Jana jioni narudi nyumbani nakuta taa inawaka. Nectario yumo ndani, juu ya kigoda, anafunga bembea kwenye nguzo zangu. Bembea yake. Ile ya buluu. Akasema haikuwa nyekundu kama kwenye ndoto, lakini anadhani Nuris hatabagua rangi. Nikamuuliza wewe utalala wapi. Akasema juu ya ngozi ya mbuzi, mgongo wake unapenda pagumu. Akaning'inia kwa uzito wake wote kunionyesha kamba. Haikulia hata kidogo. Nimeyaona mafundo yake. Sitaki kuyazungumzia mafundo yake.

Ameshatuma salamu kwa Nuris. Jibu limekuja usiku uleule: anakuja Alhamisi, na kuku wake.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Nilikaa sakafuni nikaitazama ile bembea nikafurahi, mpaka nikasikia wanawake wanapita nje. Umesikia alichofanya Nectario? Bembea yake mwenyewe! Atalala chini kwa ajili ya kaka yake! Hakuna kama yule. Na moyo wangu wa wazee wa zamani je? Kahawa yangu ya pili? Hakuna aliyekumbuka.

Nikaona maisha yangu yote mbele. Nuris akilala vizuri, atasema asante Nectario. Akiamka hana maumivu, asante Nectario. Tukipata mtoto, katikati ya bembea ya Nectario! Watampa jina gani, nisiambiwe! Kila usiku nitakuwa nimelala ndani ya wema wa yule mtu, unanibembeza kushoto, unanibembeza kulia.

Hapana. Nuris arudi, lakini arudi kwa kitu changu. Ile kamba yangu ya zamani bado ina uhai, nikiipiga fundo la pili. Ya buluu itoke kwanza, na itoke kwa heshima, asionekane mtu yeyote kuwa mbaya.

Na safari hii nimejifunza. Nimetafakari makosa yangu moja moja. Rangi nyekundu, nimeiacha, ni damu. Maelezo ya mabega, nimeyaacha. Wafu, sitaki hata kuwasikia. Nimetengeneza ndoto fupi, safi, haina pa kushikwa.

Nimewahi bandani leo asubuhi. Nikamwambia Bibi nimeona bembea ya buluu ikijifungua yenyewe kwenye nguzo zangu, ikaruka juu ya paa, ikarudi kwa Nectario mwenyewe. Basi. Nikanyamaza. Hakuna chumvi.

Bibi akatafuna. Akafumba jicho moja. Akauliza ilikuwa na mtu ndani, au tupu?

Ningesemaje? Niseme Nuris alikuwemo, anaruka kwenda kwa Nectario? Mbele ya wale wanawake?

Nikasema tupu, Bibi. Tupu kabisa.

Ametema tumbaku. Mbuzi wangu mweusi, wa mwisho niliyebaki naye, ameshafungwa kamba. Nimeambiwa nikogeshwe kesho alfajiri, kisha nifungiwe mpaka Ijumaa, na mke hasa asikanyage mlangoni.

Nectario amenipa pole. Ameshachukua ndoo.